Boksi la kapasita 500: thamani utazipata zote, shida ni volti

Boksi la plastiki lenye vyumba 24, ndani yake kapasita (vifaa vya kuhifadhi chaji ya umeme) 500 za elektrolitiki, zile zenye chanya na hasi, kuanzia 0.1 µF (maikrofaradi, kipimo cha thamani ya kapasita) hadi 1000 µF, volti 10 hadi 50. Seti za namna hii zinauzwa kwa majina mengi, nyingine bila jina lolote, na malalamiko ya wanunuzi hufanana: hakuna 15 µF, hakuna 68, hakuna 150. Malalamiko hayo hayana msingi. Thamani hizo zimo, ila sehemu moja iko chumba hiki na nyingine chumba kile. Upungufu wa kweli wa boksi hili uko kwenye volti, na ndio ambao watu hujaribu kuuziba kwa kuunga kapasita kwa mfululizo, moja baada ya nyingine, bila hesabu, wakaishia kununua nyingine.

Thamani zake zinapanda kwa hatua tatu: 0.1, 0.22 na 0.47, kisha 1, 2.2 na 4.7, kisha 10, 22 na 47, kisha 100, 220 na 470, na mwishoni 1000. Baadhi ya seti huongeza 33 na 330. Ndogo zote ni za volti 50. Kuanzia 10 µF kwenda juu, thamani moja hurudiwa kwa volti tofauti, kwa mfano 100 µF ya volti 10, 16, 25 na 50. Kubwa kabisa, 1000 µF, huishia volti 10 au 16. Vyumba vya mwanzo vimejaa na vya mwisho vina vipande vichache, jambo la kuangaliwa kabla ya kununua, kwa sababu kwenye matengenezo zinazoisha haraka ni kubwa.

Kwa maoni yetu, vyumba vya 0.1, 0.22 na 0.47 µF vimewekwa kujaza idadi. Kazi ya 0.1 µF karibu siku zote ni kuzima kelele kwenye mguu wa umeme wa IC (chipu), na hapo kapasita ya seramiki yenye namba 104, yaani 0.1 µF, inafanya vizuri zaidi, haina chanya wala hasi, na haikauki. Hesabu boksi hili kama la vyumba 21 na bado linalipa.

Pima kabla ya kuamini

Kapasita ya elektrolitiki iliyokaa ghalani muda mrefu huwa imedhoofika utando wa oksidi unaotenganisha chanya na hasi. Haionekani kwa macho, na multimita inaweza kuonyesha thamani nzuri kabisa ilhali kapasita inavuja. Kipimo cha kuvuja ni rahisi. Unahitaji chanzo cha umeme mnyoofu kinachorekebishika, rezista ya kilo-ohm 1 na multimita.

Unga rezista na kapasita kwa mfululizo, mguu mrefu wa kapasita uelekee chanya. Mstari uliochapwa pembeni mwa ganda ndio upande wa hasi. Weka volti zilizoandikwa kwenye ganda, usizidishe. Sasa pima volti juu ya rezista, si juu ya kapasita. Mwanzoni volti zote zinaangukia kwenye rezista, kwa hiyo anza na renji kubwa, kisha shuka hadi milivolti. Uzuri wa kilo-ohm 1 ni kwamba kila milivolti 1 unayosoma ni maikroampia 1 inayovuja, huna haja ya kikokotoo.

Baada ya dakika 2, kapasita ya kawaida haitakiwi kuvuja zaidi ya 0.01 mara µF mara volti, jibu likiwa maikroampia. Hesabu ikitoa chini ya 3, kikomo ni 3. Kwa 100 µF ya volti 25 hiyo ni maikroampia 25, yaani milivolti 25 kwenye mita. Ukisoma 60 na namba inashuka polepole, iache hapo hapo nusu saa hadi saa nzima; oksidi inajijenga upya na mara nyingi kapasita inapona. Ikigoma kushuka, au ikaanza kupanda, itupe. Pima angalau moja kutoka kila chumba, na kwa zile utakazounga kwa mfululizo pima zote bila kuruka.

Kisha pima thamani. Itoe chaji kwanza kupitia rezista, maana multimita haipendi kapasita yenye umeme ndani. Elektrolitiki hupimwa kwa 100 au 120 Hz. Ukitumia kipima LCR (kifaa cha kupimia koili, kapasita na rezista) kilichowekwa 1 kHz, utasoma chini na kuilaumu seti bure. Uvumilivu ulioandikwa ni asilimia 20 juu au chini, na seti za bei nafuu huelemea chini. 100 µF ikisoma 87, iko ndani ya ahadi.

Sambamba: hapa ndipo boksi linapolipa

Kwenye sambamba chanya zote zinakutana, hasi zote zinakutana, na thamani zinajumlishwa tu. Kwa hatua tatu za boksi hili, kujumlisha thamani mbili zinazofuatana kunakupa karibu kila inayokosekana. 10 na 4.7 ni 14.7, pungufu ya 15 kwa asilimia 2. 22 na 10 ni 32 badala ya 33. 47 na 22 ni 69 badala ya 68. Mtindo unajirudia juu yake: 100 na 47 ni 147, 220 na 100 ni 320, 470 na 220 ni 690. Hakuna inayokosea zaidi ya asilimia 3 na kidogo, na hilo linamezwa kabisa na uvumilivu wa asilimia 20 wa kapasita zenyewe. Anayelipia seti kubwa zaidi ili apate 15, 33 na 68 ananunua nafasi mezani.

Usitegemee makosa ya mbili yafutane, hata hivyo. Kapasita zilizotoka kiwandani mkupuo mmoja huwa zinakosea upande mmoja. 147 µF inaweza kuwa 118. Kwenye kichujio cha umeme hakuna atakayegundua. Kwenye taima ya 555 (IC ya kuhesabu muda) yenye rezista ya kilo-ohm 100, muda unaoutegemea ni sekunde 16 na utapata kama 13. Dawa yake ni rezista ya kugeuza, si kuendelea kuongeza kapasita vipande vipande hadi ugonge namba, kwa sababu joto na umri vitaisogeza tena.

Kosa la sambamba ni moja tu lakini linajirudia sana: volti za kundi zima ni zile za kapasita dhaifu kuliko zote. Ukichukua 220 µF kutoka chumba cha volti 10 na 100 µF kutoka chumba cha volti 25, ukaziweka kwenye laini ya volti 12, hujapata 320 µF ya volti 17 na ushee, wala wastani wowote. Umeweka kapasita ya volti 10 kwenye volti 12. Itavimba, na ikifa kwa kufunga shoti itaivuta na laini nzima. Kwa laini ya volti 12 chukua zote kutoka vyumba vya volti 16 au 25. Sisi tungechukua 25.

Faida ya pili ya sambamba ni mkondo. Kila kapasita ina ukinzani wake wa ndani, na wa boksi hili si mdogo. Ni za matumizi ya kawaida, hazikutengenezwa kwa pawasapulai zinazokatakata umeme kwa kasi. Kwa kipimo cha 120 Hz na upotevu (tan δ) wa 0.16 ulio wa kawaida kwa daraja hili, 470 µF ina kama ohm 0.45. Mbili za 220 sambamba zinatoa kama 0.48, karibu sawa sawa. Kwa hiyo kugawa kapasita moja katika mbili ndogo hakukupi miujiza kwenye ukinzani. Kunakokusaidia ni kwenye joto: mikebe miwili ina eneo kubwa la kupozea, na mkondo unaopanda na kushuka unagawanywa. Ili ugawanywe kweli, njia za shaba kwenda kwa kila moja ziwe na urefu unaokaribiana. Ukiipa moja milimita 5 na nyingine sentimita 6 za waya mwembamba, ya karibu inafanya kazi yote na inakufa mapema, nyingine inabaki kuwa pambo.

Ukikuta kwenye bodi kapasita iliyoandikwa kuwa ya ukinzani mdogo, kwa kawaida upande wa kutokea umeme wa adapta, usiibadilishe na ya boksi hili hata kama µF na volti vinalingana. Itafanya kazi siku ya kwanza, kisha itachemka. Angalia pia nyuzi joto: seti nyingine ni za 105, nyingine 85. Kila nyuzi 10 unazopunguza chini ya kikomo, maisha yanakuwa takriban maradufu, hivyo kapasita ya saa 2000 kwa nyuzi 105 inatarajiwa kufika kama saa 8000 kwa 85. Ya 85 haina ziada hiyo. Haifai kukaa karibu na hitisinki (bati la kupozea).

Jambo dogo la mkononi. Usiguse kapasita yenye chaji kwa ile tupu ukidhani unaongeza. 1000 µF iliyojaa volti 16 ikigusana na nyingine tupu, zote zinaishia volti 8, na nusu ya nishati, kutoka jouli 0.128 hadi 0.064, inapotelea kwenye cheche na waya. Swichi ndogo na miguu ya ubao wa majaribio haipendi hilo.

Mfululizo: hapa ndipo watu wanapoumia

Kishawishi kinaeleweka. Unahitaji kapasita ya volti 50, boksi lina 470 µF za volti 25 tu, basi unaunga mbili kwa mfululizo, chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine. Thamani inashuka nusu, 235 µF, na volti unahesabu 50. Kwenye karatasi ni sahihi. Kwenye bodi kuna mambo mawili yanayoiharibu.

La kwanza ni thamani zisizolingana. Chaji inayoingia kapasita ya kwanza ndiyo hiyo hiyo inayoingia ya pili, maana hakuna njia ya pembeni. Chaji ile ile ikiingia kwenye kapasita ndogo inapandisha volti zaidi kuliko kwenye kubwa. Kwa hiyo ndogo ndiyo inayobeba mzigo, kinyume na rezista, ambapo kubwa ndiyo inayochukua volti nyingi. Chukua 100 µF na 47 µF, zote za volti 25, uzitie kwenye volti 50. Thamani yake ni 32 µF. Volti zinagawanyika kinyume cha thamani: ile ya 47 inapata 50 mara 100 kugawa 147, yaani volti 34, ile ya 100 inapata 16. Ya 47 imepita kikomo kwa volti 9 huku mwenyewe ukijiona uko salama. Kanuni ya kazi ni fupi: kwenye mfululizo wa elektrolitiki tumia thamani moja, volti moja, chumba kimoja.

Hata hivyo, zinazoitwa sawa si sawa. Kwa uvumilivu wa asilimia 20, 470 moja inaweza kuwa 376 na mwenzake 564. Kwenye volti 50 ile ndogo inabeba 30. Kwenye volti 40 inabeba 24, ndani ya kikomo kwa wembamba wa volti 1. Ndiyo maana jozi ya volti 25 na 25 tunaipa volti 40 na si zaidi, na ndiyo maana kupima kila moja na kuchagua zinazokaribiana kunalipa hapa kuliko mahali pengine popote.

La pili ni kuvuja, nalo ndilo linaloua polepole. Hesabu ya juu inahusu wakati wa kujaza. Umeme mnyoofu ukishatulia, thamani haiamui tena; kinachoamua ni mkondo unaovuja. Mkondo ule ule unapita zote mbili, hivyo isiyovuja sana ndiyo inayorundikiwa volti. Yaani nzuri ndiyo inayouawa na mbaya. Saketi inaweza kukaa wiki nzima salama kisha ikapasuka bila mtu kuigusa.

Dawa ni rezista mbili za kusawazisha, kila moja sambamba na kapasita yake. Zipitishe mkondo kama mara 10 ya kuvuja kunakoruhusiwa. Kwa 470 µF ya volti 25, kikomo ni 0.01 mara 470 mara 25, karibu maikroampia 118, hivyo lenga miliampia 1.2. Kila kapasita ikipata volti 20, inatoka kilo-ohm 16.7, iliyopo dukani ni 15. Inapitisha miliampia 1.3 na kupoteza miliwati 27, kwa hiyo ya robo wati inatosha na kubaki. Rezista hizo pia zinatoa chaji ukizima: 15 kΩ mara 470 µF ni sekunde 7, na baada ya kama sekunde 35 hakuna kilichobaki cha kusumbua.

Ukitaka 470 µF kamili kwa volti 40, unahitaji kapasita nne: jozi mbili za sambamba zilizowekwa kwa mfululizo. Ukiunganisha pointi za katikati, rezista mbili zinatosha (zipunguze hadi karibu nusu, 7.5 kΩ, maana kuvuja kumekuwa maradufu) na tofauti za thamani zinasawazika kidogo ndani ya kila jozi. Hatari yake ni kwamba moja ikifunga shoti, jozi nyingine nzima inapata volti 40. Usipounganisha katikati, kila mnyororo unahitaji rezista zake mbili, lakini shoti moja inaua mwenzake mmoja tu. Kwa vyovyote weka fyuzi mbele.

Na mkebe wa alumini hauko mbali na hasi kiumeme; elektrolaiti inaugusa. Kapasita ya juu kwenye mfululizo mkebe wake unakaa karibu volti 20 juu ya hasi ya saketi. Ganda la plastiki likichunika na mikebe ikagusana, au ikagusa chasisi, umetengeneza shoti usiyoiona.

Jumlisha: mikebe minne, rezista mbili au nne, muda wa kupima na kulinganisha, yote kupata kile ambacho kapasita moja ya 470 µF ya volti 63 inakupa kwa miguu miwili. Mfululizo una mahali pake, kwenye volti mia kadhaa ambako kapasita moja haipatikani kwa urahisi. Kwa volti 50 ni kujichosha.

Bila chanya na hasi

Matumizi moja ya mfululizo ambayo boksi linayafanya vizuri ni kapasita isiyo na ncha, kwa mfano kwenye kigawa sauti cha spika ndogo. Unga mbili za thamani moja hasi kwa hasi, chanya zikiwa nje pande zote mbili. Mbili za 10 µF zinatoa kama 5 µF. Volti ni za moja tu, si jumla, kwa sababu katika kila nusu ya wimbi ni moja inayosimamia na nyingine imegeuzwa. Zikichemka ukizigusa, kazi ni kubwa kuliko uwezo wake. Weka ya filamu.

Msifanye hivyo kwa kapasita ya mota au feni ya umeme wa ukutani. Hata ukipanga kumi za volti 50, kila kasoro iliyotajwa juu iko hapo mara kumi, na mkondo hauachi kupita hata sekunde moja. Ile ni kazi ya kapasita ya filamu iliyoandikwa volti za mkondo geu. Vivyo hivyo inayokaa moja kwa moja kati ya nyaya mbili za ukutani iwe na alama ya X2, ya usalama kwa umeme wa ukutani. Boksi hili halina hata moja.

Mwenye boksi hili akitaka kulikamilisha, aongeze pakiti ya seramiki za 104, chache za 100 na 470 µF za volti 63, na chache za ukinzani mdogo za 470 na 1000 µF kwa ajili ya adapta. Atoe kapasita zilizo kwenye vyumba vitatu vya mwanzo, aweke hizo humo, na aandike kwenye kifuniko volti kwa herufi kubwa kuliko µF, kwa sababu lebo za kiwandani huandika kinyume na vyumba vya 100 µF vinne vinafanana sana mkono ukiwa na haraka.